Upande wa Limau

Mtu akikwambia kwamba Bothilde Lassen alizaliwa mwoga, mwambie mimi, Thyra wa ng'ambo ya barabara, nimesema ni mwongo. Nimekaa mkabala na Bothilde miaka thelathini na minne. Nimemwona akimfukuza fahali wa shemeji yake kwa ufagio, miguuni ana viatu vya mbao. Nimemwona akimzika mumewe, Hans Kresten, asubuhi yenye barafu, na mchana akawamiminia watu kahawa bila mkono kutikisika. Woga ulimwingia ukubwani, akiwa na miaka sabini na moja, na ulipitia puani.

Kabla ya hapo pua yake ilikuwa mali ya kijiji kizima. Miaka ishirini na saba alipika katika nyumba ya wazee, na wapishi wenzake walikuwa wakimletea maziwa ayanuse, aseme yatafika kesho au hayafiki. Alikuwa akipita chini ya dirisha langu, anasimama, anasema, "Thyra, viazi vyako vimeanza kushika chini," na mimi niliyemo jikoni sijajua. Wanaume waliokatazwa sigara na wake zao walivuka barabara wakimwona anakuja. Chupa zake za jikoni, zile pana za bitiruti zenye vifuniko vyekundu, hazikuwahi kubandikwa jina hata siku moja. Ya nini? Alifungua, akanusa, akachota.

Huku kwetu Jutland ya Kusini meza ya kahawa inahesabiwa. Keki laini kwanza, kavu baadaye, na aina zikiwa chini ya kumi na nne mwenye nyumba atasemwa mpaka mavuno. Bothilde alipoolewa alikuwa na oveni ndogo kama kabati la viatu, na mara yake ya kwanza kukaribisha watu, wifi yake Gyde alizunguka meza akihesabu kwa kidole.

"Mmh, wifi. Kumi na tatu?"

Bothilde alimeza. Mwaka uliofuata alikunja karatasi ya foili mara nne, akaisimamisha katikati ya trei kama ukuta, akamimina rojo la limau huku na rojo la lozi kule, akaichomoa foili dakika ile ya kuingiza trei ndani. Juu akapaka sukari nyeupe ile ile, mwisho hadi mwisho, usione mpaka. Gyde alipofika hapo kidole kikasimama.

"Hiyo ni trei moja."

"Fumba macho ule, halafu uniambie ni keki ngapi."

Gyde akafumba, akala huku, akala kule. Watu wakangoja. "Mbili," akasema, na tangu siku hiyo hajawahi kumsamehe wala hajawahi kukosa kipande. Ndiyo ukawa mchezo wetu: unakatiwa kipande kilichofunikwa sukari, unataja upande kabla hujafika nusu. Ukikosea unaosha vikombe.

Miaka minne iliyopita upande wa lozi ulikufa. Signe, mjukuu pekee wa Bothilde, wakati ule ana miaka miwili, alipewa biskuti ya lozi mahali fulani huko Aalborg wanakoishi, akavimba uso hadi macho yakafunga. Madaktari walimwokoa. Bothilde aliposimuliwa kwa simu hakulia. Alitoa kila lozi iliyokuwa nyumbani mwake, akazitupa kwenye pipa la nje, akarudi akasugua rafu kwa maji ya moto hadi vidole vikachubuka. Trei iliyofuata ilikuwa limau na iliki. Na kwa kuwa upande wa limau ulipenda kudidimia kwa sababu ya maji yake, akauongezea vikombe viwili vya semolina, zile chenga za ngano, ili usimame. Ikawa hivyo. Signe akakua akijua kwamba katika meza yoyote ya huku hagusi kitu, hata kikipambwa namna gani, isipokuwa keki ya bibi yake.

Kisha ikaja ile homa mbaya, majira mawili ya baridi yaliyopita. Bothilde alilala wiki tatu, akaamka mzima kila mahali ila puani. Alinuna siku chache, akidhani ni mafua. Baadaye alinisimulia namna alivyojua kwamba si mafua. Alikuwa na skafu ya Hans Kresten kwenye droo, ile ambayo hakuifua baada ya mazishi, na baadhi ya jioni alikuwa akiitoa na kuuzika uso humo. Baada ya homa akaitoa. Ilikuwa sufu tu.

Hapo ndipo hofu ilipokaa. Alinunua ving'ora vitatu vya moshi kwa nyumba ya vyumba viwili. Alimwaga maziwa kila baada ya siku mbili, yawe mazuri au mabaya. Alikuwa akiamka kugusa jiko kama bado lina moto, analala, anaamka tena. Na hakumwambia mtu. Mwanamke ambaye jina lake lote ni pua atasema nini? Angebandika majina kwenye chupa zake tungemuuliza sababu, kwa hiyo hakubandika. Aliendelea kufungua, kuinamisha uso, kutikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, na kuchota. Alikuwa akichota kwa kumbukumbu, kwa kujua chupa ipi inakaa wapi.

Mimi nilijua. Alianza kuniita kwa visingizio visivyo na kichwa wala miguu. "Thyra, njoo uone samaki huyu alivyo mkubwa." Samaki mwenyewe wa kawaida. Alinisukumia sahani chini ya kidevu na kunitazama usoni, na nikikunja pua tu, samaki anaenda kwa paka. Nilijua tangu samaki wa pili. Nikanyamaza, nikijiambia ni heshima.

Sasa njoo Februari hii. Nis, mume wa Gyde, alikuwa anatimiza miaka themanini, na sherehe ilikuwa Jumamosi kwenye ukumbi wa kijiji. Ijumaa asubuhi wanawake tukakutana jikoni mwa ukumbi kuoka pamoja, kwa kuwa oveni ya pale inameza trei nne. Kila mmoja kaja na vyake. Meza ndefu ilijaa mayai, siagi, mabakuli, kelele. Gyde alikuwa akipanga chupa zake kwenye dirisha.

"Wifi, sogeza makorokoro yako, hili si jiko lako."

"Wala si lako, Gyde. Ni la ukumbi."

"Mimi ndiye mwenye mume anayezeeka kesho. Sogeza."

Bothilde akasogeza. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nakuna maganda ya limau. Chupa mbili zilikuwa mbele yetu, pana zote mbili, za bitiruti zote mbili, vifuniko vyekundu, ndani yake vitu vyeupevyeupe vya chengachenga. Moja ilikuwa upande wa dirisha. Nyingine upande wa ukuta. Bothilde akaivuta ile ya dirishani, akafungua, akainamisha uso, akatikisa kichwa. Akachota vikombe viwili, akatia kwenye rojo la limau.

Niliona akijifanya kunusa. Nikageuza macho kwenye malimau yangu, maana kumwangalia mtu akijifanya ni kama kumwangalia akivaa. Sikuangalia kilichomo ndani ya chupa.

Jumamosi mvua ilinyesha ya ulalo. Watu walikuwa sitini hivi, bendera ndogo mezani, Nis kavalishwa tai iliyomkaba. Hatukumtarajia Jes, mtoto wa Bothilde, kwa sababu Signe alikuwa na homa wiki hiyo na mama yake yuko zamu kazini. Saa nane na nusu mlango ukafunguka na huyo hapo, kalowa, na binti yake mgongoni.

"Homa imeisha tangu juzi," Jes akasema. "Kaning'ang'ania hadi nikawasha gari. Eti leo lazima ashinde."

"Nimefanya mazoezi!" Signe akasema. "Baba alininunulia limau nikalilamba."

Bothilde alimkumbatia hadi nikadhani atamvunja. Alikuwa na furaha kweli, uso wote. Namkumbuka hivyo, kwa sababu ni dakika ishirini tu kabla ya yale mengine.

Keki laini zilikwenda mezani. Jes alimketisha mtoto, akamkumbusha kama kawaida, "Ya bibi tu, umesikia?" na Signe akasema amesikia, amesikia, baba kila siku. Bothilde na mimi tulirudi jikoni kuosha vikombe vya duru ya kwanza. Gyde alikuwa pale akimalizia bakuli la peasi na krimu. Aliinua chupa kutoka dirishani, akaikodolea macho.

"Nani kachota lozi zangu za kusaga? Jana nimeziacha zimefika shingoni, leo ziko kiunoni! Kama kuna mwenye njaa kali hivyo aseme, tutamchangia."

Mimi nilicheka. Bothilde hakucheka. Kikombe alichokuwa akikiosha kilibaki mkononi, maji yanatiririka. Alikuwa anaangalia ile chupa nyingine, ya upande wa ukuta, yake. Ilikuwa imejaa hadi kifunikoni.

Aliichukua ile iliyojaa, akaifungua, akaniletea puani, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakutafuta kisingizio.

"Thyra, nusa."

Nikanusa. Vumbi la nafaka, basi. "Semolina."

Akamnyang'anya Gyde ya kwake. "Na hii?"

"Lozi, wifi, nimeshasema ni lozi, una nini?"

"Jana nilichota ipi?" Aliniuliza mimi. Macho yalikuwa yamemtoka. "Ulikuwa hapo. Ipi?"

Nilijua jibu. Ya dirishani. Lilikuwa mdomoni tayari. Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu watano, nikaogopa, nikasema, "Sikuangalia vizuri."

Hapo hapo, kutoka ukumbini, ikaja sauti nyembamba yenye shangwe, na watu wakiipigia makofi.

"Limau! Bibi! Ni upande wa limau! Nimepatia?"

Bothilde alikimbia. Sijui magoti yale yalikimbiaje. Mimi nilimfuata na kitambaa cha vyombo mkononi. Alipofika mlangoni Signe alikuwa amesimama juu ya kiti, uma hewani, kidevu kina sukari, anangoja kuambiwa ameshinda.

"Tema!" Bothilde akapiga kelele. "Tema, Signe! Tema!"

Mtoto alimeza, kwa kushtuka tu.

"Mama, vipi?" Jes kasimama, bado anatabasamu nusu. "Mbona unamtisha?"

"Ina lozi."

"Nini ina lozi?"

"Upande wa limau. Nimetia lozi."

"Keki yako? Mama, wewe hukai na lozi ndani."

"Za Gyde. Nilichukua chupa ya Gyde." Alikuwa anamfuta mtoto mdomo kwa mikono mitupu, anamwingiza vidole, anatoa makombo. "Sikusikia harufu. Sisikii harufu, Jes. Mwaka wa pili sasa, sisikii kitu chochote. Sindano yake ya dharura iko wapi? Sindano!"

Tabasamu la Jes lilianguka. "Garini," akasema, akaondoka mbio. Magari yalikuwa yameegeshwa mwisho wa barabara, karibu na kanisa, kwa sababu ya tope.

Sitaki kuyakumbuka yaliyofuata, na nayakumbuka yote. Signe alisema ulimi unawasha. Akasema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kimoja kimoja. Mdomo wa juu ulianza kuvimba upande mmoja. Shingoni zikatoka alama nyekundu, zikapanda huku unaziangalia. Gyde alikuwa kwenye simu akitaja jina la kijiji kwa sauti ya juu, herufi kwa herufi. Bothilde alikaa sakafuni na mtoto mapajani, akimwambia, "Vuta pumzi na bibi. Moja. Vuta. Mbili," na mtoto anavuta, na kila akivuta unatokea mlio mwembamba kooni, na sisi watu sitini tumesimama tukiusikiliza mlio ule. Mimi nilikuwa nakunja kitambaa cha vyombo. Nakunja, nakunjua.

"Bibi," Signe akasema, na sauti haikuwa yake tena, ilikuwa imekwaruza. "Nimeshinda?"

"Umeshinda, mama. Vuta pumzi."

Jes alirudi amejaa tope hadi kiunoni, alikuwa ameanguka njiani. Akapiga magoti, akamchoma pajani juu ya soksi ndefu, akahesabu kwa sauti hadi kumi. Namba tatu alirudia mara mbili. Mikono ya Bothilde ilikuwa imemshika mtoto kwa nguvu, na mkono wake ambao haukutikisika siku ya mazishi ulikuwa unatetemeka hadi kwenye bega.

Nis, mwenye siku yake, alikuwa hayupo. Nilimwona kupitia dirishani. Mzee wa miaka themanini, hana koti, kasimama kwenye njia panda mvuani, anapunga ile bendera ndogo ya mezani ili gari la wagonjwa lisipitilize.

Liliingia baada ya dakika kumi na saba. Mlio kooni ulikuwa umepungua kidogo, au tulijiambia umepungua. Walimvika mtoto kinyago cha hewa, wakamlaza. Nafasi ilikuwa ya mzazi mmoja. Jes alipanda, na kabla mlango haujafungwa alimtazama mama yake. Hakumlaumu. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimfahamia wapi. Kisha wakaondoka.

Hakuna aliyetoka ukumbini. Hatukuweza kwenda nyumbani na hatukuweza kula. Kahawa ikapoa kwenye vikombe. Trei ya Bothilde ilibaki katikati ya meza, nusu yake imeliwa, na watu walikuwa wamesogeza viti mbali nayo. Yeye alikaa peke yake ukutani. Alikuwa anangoja tumshangae, nadhani. Tumwulize ilikuwaje, tangu lini, mbona hakusema. Alikuwa ameificha siri hiyo miaka miwili kwa jasho, sasa ameimwaga mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyeshangaa. Aliinua kichwa akatupitia usoni mmoja mmoja.

"Mlijua," akasema.

Watu waliangalia vikombe vyao.

"Gyde. Ulijua?"

Gyde alivuta kiti akakaa. "Pasaka iliyopita," akasema. "Ulitia chumvi mahali pa sukari, upande wa iliki."

"Mkala?"

"Tukala."

"Wote?"

"Mimi vipande viwili," Nis akasema. Alikuwa amefungwa blanketi, maji yanamdondoka puani. "Nilidhani ukiona kimebaki utaumia."

Bothilde akanigeukia. "Wewe ulisifu. Ulisema haijawahi kutokea keki kama ile. Ukaomba ya kubeba."

"Niliwapa kuku."

"Wakala?"

"Hawakula, Bothilde."

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko cha woga, akajiziba mdomo. Bothilde hakucheka wala hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika.

"Nilikuwa naogopa mtajua," akasema. "Ninyi mnajua, na mnaogopa nitajua kwamba mnajua. Na mtoto yuko katikati." Akafikiri kidogo. "Mngeniambia Pasaka, nisingegusa ile chupa."

Mimi nilikuwa na kosa langu la ziada, ambalo wengine hawakuwa nalo. Nilikuwa nimesimama pale Ijumaa, kando yake kabisa, nikageuza macho kwa adabu. Nililisema. Nilisema mbele ya wote kwamba nilijua ni ya dirishani na kwamba aliponiuliza nilidanganya. Alinisikiliza. "Najua," akasema. "Wewe ukidanganya unakunja kitambaa."

Baadaye, tukiwa tunaosha, alinong'ona kwamba naye alikuwa na lake. Alipofika mlangoni, kabla hajapiga kelele, wazo la kwanza kumjia lilikuwa aivute trei ianguke chini kama bahati mbaya. Watu wangecheka, wangefagia, siri ingebaki. "Niliwaza hivyo, Thyra. Mtoto anatafuna, na mimi nawaza hivyo." Alikuwa anaosha kikombe kimoja kwa mara ya nne. Nilimpokonya.

Simu ya Jes ilikuja saa kumi na moja. Gyde aliipokea akaiweka mezani ili sote tusikie. Mtoto anapumua vizuri. Amepewa dawa nyingine, uvimbe unashuka, watamlaza hadi kesho wamwangalie. Watu wakaanza kulia na kuvaa makoti. Bothilde aliisogezea simu mdomo.

"Jes, mwanangu."

"Nipo, Mama."

"Nisamehe."

"Kwa sasa asile kwako," Jes akasema. "Mama yake amesema hivyo. Na mimi nimesema hivyo."

"Ndiyo," Bothilde akasema. "Ndiyo. Msimpe chochote changu."

Miezi mitano hakuoka. Alisimama jikoni mwake, nikimwona kutoka kwangu, mikono kwenye meza tupu. Kisha asubuhi moja ya Julai alivuka barabara, aproni imejaa chupa, akazipanga mezani kwangu bila salamu. Zote zilikuwa na majina sasa, kwa wino mweusi, herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Lakini hakuyaamini hata hayo.

"Nusa," akasema. "Useme kweli, hata kama inauma."

Nikafungua ya kwanza. Unga, mzuri. Ya pili sukari. Ya tatu ilikuwa iliki, imechacha, ina harufu ya kabati la zamani. Nikahisi ile hamu ya miaka yote, ya kutikisa kichwa na kusema iko sawa.

"Iliki imeharibika," nikasema. "Tupa."

Akaitupa. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ukingo wa meza. "Endelea," akasema.

Sasa ndivyo tunavyooka. Yeye anapima, anakunja foili, anamimina, anajua dakika ya kugeuza trei kuliko mtu yeyote huku. Mimi nanusa, naonja, nasema. Mara nyingi tunagombana.

Agosti walikuja, Jes na mkewe na Signe. Mkewe alikuwa amekagua kila chupa mwenyewe, akasoma kila karatasi, mwisho akasema haya, kidogo. Tulikaa uani kwa Bothilde. Signe amerefuka, jino la mbele limetoka. Bibi yake alimkatia kipande kilichofunikwa sukari nyeupe, akamwekea mbele, akakaa. Alikuwa ameficha mikono chini ya meza.

Signe alikichukua kile kipande, akakiinua karibu na mdomo, akasimama hapo. Hakumtazama bibi yake. Alinigeukia mimi.

"Bibi Thyra," akasema taratibu, "umenusa?"

Bothilde alikuwa anaangalia nyasi. Nilikuwa nimenusa kila kitu, mara mbili, tangu asubuhi.

"Nimenusa, mama," nikamwambia. "Ngoja." Nikainuka, nikaingia jikoni, nikafungua chupa zote, nikaanza upya.